Mto Tana: Unauimba, unaunywa, lakini hujawahi kuuona

Hebu nikuulize kitu. Umeimba wimbo wa taifa mara ngapi tangu uanze shule? Kila Jumatatu na kila Ijumaa, gwarideni, sweta ikikuwasha shingoni na mwalimu wa zamu akizunguka na kiboko mkononi. Sasa niambie, ule muziki ulitoka wapi?

Ulitoka Mto Tana. Mwaka wa 1963, kamati iliyopewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa ilichukua muziki wa bembelezi la Wapokomo, wimbo ambao akina mama wa kando ya mto huo waliwaimbia watoto wao walale. Kwa hivyo kila rais anaposimama wima, kila mwanariadha wetu anapolia akiwa na medali shingoni, dunia nzima inasikia wimbo wa mama wa Tana akimbembeleza mtoto.

Na si wimbo tu. Kama uko Nairobi, maji mengi unayooga na kupikia yanatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a. Bwawa hilo liko kwenye Mto Thika, na Mto Thika unaingia Tana. Stima je? Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, mabwawa yote matano yamepangana kwenye Tana, moja chini ya lingine. Kindaruma lilianza kazi mwaka wa 1968, kabla wazazi wengi wetu hawajazaliwa. Simu unayosomea makala haya huenda ilichajiwa na Tana jana usiku.

Basi umeuimba mto, umeunywa, umeuchaji. Lakini ukiulizwa unaishia wapi, unajibu kama mtihani wa jiografia: "Bahari Hindi." Alama moja, swali linalofuata.

Ninachotaka kusema leo ni hiki. Nenda ukauone mwisho wa mto huu. Nenda Garsen, nenda Kipini, nenda delta. Sisemi hivyo kwa sababu ya picha tu, ingawa picha utapata. Nasema hivyo kwa sababu mahali ambapo hakuna mtu anayekwenda, watu wenye pesa na ramani hupaita patupu. Na mahali palipoitwa patupu hupangiwa mambo bila wenyewe kuulizwa.

Najua unachofikiria. Ukiweka akiba, unawaza Dubai, Zanzibar, au siku hizi Uturuki. Sikulaumu. Tamthilia za Kituruki zimetukalia sebuleni miaka yote hii, na nusu ya nguo mpya za Eastleigh zinasemekana zimetoka huko. Basi tuanzie huko huko Uturuki.

Kusini magharibi mwa nchi hiyo kuna mji mdogo unaoitwa Dalyan. Uko kando ya mto. Ng'ambo ya mto kuna magofu ya mji wa kale wa Kaunos, na kwenye mwamba kuna makaburi yaliyochongwa yapata miaka 2,400 iliyopita. Ukishuka na mto kwa boti, ukipita katikati ya matete, unafika baharini kwenye ufuo wa mchanga unaoitwa İztuzu, mahali ambapo kasa hupanda usiku kutaga mayai. Mto, magofu, ufuo, kasa. Watu wanatoka Ulaya nzima kwenda kuona hayo.

Sasa sikiliza orodha ya kwetu. Mto: Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, karibu kilomita 1,000 kutoka Aberdare na Mlima Kenya hadi baharini. Magofu: Ungwana, karibu na Kipini, mji wa Waswahili ulioishi kwa mamia ya miaka. Ufuo: Kipini na ghuba yote ya Ungwana, pamoja na vilima vya mchanga ambavyo hungedhani viko Kenya. Kasa: wapo pia. Juu ya hayo sisi tuna viboko, mamba, mikoko, ndege wasiohesabika, na jamii nne tano zinazoishi mto huo huo kila moja kwa mtindo wake.

Tofauti ni kwamba Dalyan ina wageni kila msimu, na Kipini ukishuka kwenye gari watu wanakuuliza umetumwa na shirika gani.

Nikueleze safari yenyewe, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kutoka Malindi unaelekea kaskazini, zaidi ya kilomita 100 za barabara iliyonyooka, vichaka huku na huku, punda na ng'ombe wakivuka wanapotaka. Pale Minjila, karibu na Garsen, barabara inagawanyika. Ya Hola na Garissa inaenda zake, ya Lamu inaenda zake.

Garsen si mji wa kukutongoza. Ni joto. Joto la kukufanya ununue maji, uyamalize, kisha uagize mengine kabla hujarudishiwa chenji ya yale ya kwanza. Kuna vumbi, kuna mbuzi, kuna boda wanaokuita kwa lugha tatu. Lakini kaa kidogo kwenye kibanda cha chai, ufungue masikio. Utasikia Kipokomo, Kiorma, Kisomali, Kigiriama na Kiswahili cha pwani kwenye meza moja. Mpokomo amelima ukingo wa mto tangu babu zake. Muorma na Mwardei wamefuga ng'ombe, na kiangazi kikikaza wanawashusha deltani kwa sababu huko nyasi hazikauki mapema. Njia za kupitisha mifugo hadi mtoni zinaitwa malka. Ukielewa neno hilo moja, umeelewa nusu ya historia ya Tana: nani anapita wapi, lini, na shamba la nani liko katikati.

Ukivuka mto pale Idsowe ndipo unaanza kuona ukubwa wa mambo. Mwaka wa 2012 delta ya Tana iliwekwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa: hekta 163,600. Kwa lugha ya mtaani, Kaunti nzima ya Nairobi, kuanzia Karen hadi Kayole na Ruai, haifiki hata nusu ya hapo. Ni maji, mabwawa, misitu ya kando ya mto, mbuga za nyasi na mikoko. Ukipanda juu upande wa Hola kuna hifadhi iliyotengwa mwaka wa 1976 kwa ajili ya nyani wawili, mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana. Hao hawapatikani popote pengine duniani. Popote. Ukitaka kuwaona wakiwa porini, ni hapa au usahau.

Hola yenyewe ina jambo lake, na ni zito. Machi 1959, katika kambi ya wafungwa wa Mau Mau hapo Hola, wanaume 11 walipigwa hadi kufa kwa sababu walikataa kufanya kazi ya kulazimishwa. Serikali ya kikoloni ikadai mwanzoni kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Ukweli ulipojulikana, ulitikisa hata Bunge la Uingereza. Tunapenda kuweka mabango ya mashujaa mitandaoni kila Oktoba. Mahali penyewe ni wangapi kati yetu tumefika?

Turudi barabara ya Lamu. Unapokaribia Witu unaiacha na kukunja kulia, kuelekea baharini. Hapo unafika Kipini, mahali mto unapomwaga kila kitu ulichobeba. Usitarajie maji ya bluu ya Diani. Wakati wa mvua bahari hapa ina rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu mto umeleta udongo wa Nyeri, wa Murang'a, wa Embu, wa Kitui. Shamba la shangazi yako liko hapo ndani mahali fulani.

Na hata huo mdomo wa mto una hadithi. Zamani Tana haikutokea hapa Kipini. Katika karne ya 19 watawala wa Witu walichimbisha mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi, ili mitumbwi yenye bidhaa ipite. Mafuriko yakaupanua mfereji, mto wenyewe ukaamua kuhamia huko. Binadamu walichimba kichochoro, mto ukakigeuza barabara kuu.

Kisha kuna magofu. Ungwana ulikuwa mji wa mawe: misikiti, makaburi, ukuta wa kuuzunguka. Ulistawi kuanzia karibu karne ya 10 hadi ya 17. Wasomi wengi wanauhusisha na mji ambao Wareno waliuita Hoja, walioushambulia na kuuchoma mwanzoni mwa karne ya 16. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyechimbua Gede, alichimbua na Ungwana pia, akaandika kitabu juu yake kilichotoka mwaka wa 1966. Baadaye Mkenya George Abungu, ambaye alikuja kuongoza Makavazi ya Kitaifa, alifanya utafiti wake wa uzamifu kuhusu watu wa mto huu, akionyesha jinsi miji ya mwambao ilivyofanya biashara na vijiji vya bara kupitia Tana. Mto ulikuwa barabara kuu kabla ya barabara kuu.

Sasa linganisha. Gede, jirani wa Watamu, ina lango, tiketi, waelekezi na watoto wa shule kila wiki. Julai 2024 UNESCO iliitia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hongera kwao, wanastahili. Lakini Ungwana ni ndugu yake, ulichimbuliwa na mtu yule yule, na umekaa kichakani.

Na kaburi la Fumo Liongo? Liongo yule yule wa darasa la fasihi, shujaa na mshairi aliyefungwa gerezani akawatungia walinzi mashairi wasiyoyaelewa, mama yake akaelewa ujumbe akamtumia mkate wenye tupa ndani, akakata minyororo huku watu wakiimba na kupiga ngoma nje. Yule ambaye hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma alikuwa damu yake mwenyewe. Kaburi linalosemekana kuwa lake liko Kipini. Waingereza wana Robin Hood, ambaye hata hawana uhakika kama aliishi, na Nottingham wamemsimamishia sanamu na watu wanapanda ndege kwenda kuona msitu wake. Sisi Liongo tumemfanya swali la alama nne.

Kama unadhani hakuna anayethamini vitu vya Tana, waulize Waingereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 maafisa wao waliichukua ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, ngoma ambayo sauti yake ilikuwa ya utawala na ibada na si ya kuchezewa. Ikaishia London, katika British Museum, ikawekwa ghalani. Si ati ilitundikwa mahali watu waione. Ghalani. Zaidi ya miaka 100. Kwa hivyo Wapokomo waliipa nchi wimbo wake, na ngoma yao ikanyamazishwa kwenye stoo ya watu wengine.

Hapo ndipo narudi kwenye lile neno, patupu. Mwaka wa 2008 kulikuwa na mpango wa kugeuza kama hekta 20,000 za delta kuwa mashamba ya miwa. Baadaye wengine wakaja na mipango ya mimea ya kutengenezea mafuta ya magari. Kwenye makaratasi eneo lilionekana kama ardhi inayosubiri mtu wa kuitumia. Lakini ng'ombe walikuwa wakilisha pale kila kiangazi. Watu walikuwa wakilima mpunga pale kila mafuriko yakishuka. Kambare walikuwa wakivuliwa pale. Wenyeji na watetezi wa mazingira wakaenda mahakamani, na mwaka wa 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mipango ya ardhi ya delta lazima ishirikishe wenyeji.

Mimi siamini kwamba mtu mwenye kamera ya simu angeusimamisha mpango wa miwa peke yake. Waliousimamisha ni wenyeji, na jasho lao. Lakini fikiria. Kama mtu angejaribu kupanda miwa Maasai Mara, nchi nzima ingepiga kelele kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu kila mtu ameiona Mara, angalau kwenye kalenda. Delta ilibidi ijitetee mbele ya nchi isiyojua iko wapi.

Na mambo hayajaisha. Kuna mpango wa miaka mingi wa bwawa lingine kubwa juu ya Tana, High Grand Falls. Bwawa likishika maji, kuna watakaofurahi, na stima tunaihitaji, sikatai. Lakini delta huishi kwa mafuriko. Mvua inanyesha Mlima Kenya, na siku kadhaa baadaye mto unavimba Garsen chini ya anga isiyo na wingu hata moja. Maji yakishuka yanaacha udongo mpya, mpunga unapandwa, nyasi zinaota. Na maji yakipungua kupita kiasi, bahari inapanda mto. Nenda kijiji cha Ozi karibu na Kipini uwasikilize wakulima: maji ya chumvi yamekuwa yakiingia mashambani, yakiua mpunga na miembe iliyopandwa na babu zao. Hiyo ndiyo sehemu ya bili ya maji ambayo haitumwi kwa simu yako. Ukitaka kuisoma, lazima ufike.

Sasa nijibu maswali yako, kwa sababu nayasikia.

"Na usalama?" Swali la haki. Barabara ya Garsen kwenda Lamu imewahi kushambuliwa, na baada ya mauaji ya Mpeketoni mwaka wa 2014 kulikuwa na nyakati magari yalilazimika kusafiri kwa msafara wa polisi. Usijifanye shujaa. Uliza hali ilivyo wiki ile unayotaka kusafiri, uliza madereva na wenyeji na wala si mtandao tu, na safiri mchana. Wakikuambia ngoja, ngoja. Lakini pia ujue kwamba watu wanaishi huko, watoto wanaenda shule huko, mabasi yanapita huko. Hofu ya mtu wa mbali mara nyingi ni kubwa kuliko ya mwenyeji.

"Si hao ndio walipigana?" Ndiyo. Kati ya Agosti 2012 na mwanzo wa 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika ghasia kati ya Wapokomo na Waorma, wakiwemo wanawake, watoto na maafisa wa polisi. Ni kidonda na sitakificha. Lakini ndicho kitu pekee ambacho Wakenya wengi wanakijua kuhusu Tana Delta, na hiyo si haki. Hebu fikiria kama mtu angelijua Rift Valley kwa mwaka wa 2008 tu, asijue mengine yote. Jamii hizi zimeishi pamoja vizazi na vizazi, zinauziana maziwa na mahindi, zinaoana. Kugombana kwao kulihusu maji na malisho, vitu ambavyo vinapunguzwa na maamuzi yanayofanywa mbali sana na Garsen.

"Na mafuriko?" Haya ni ya kweli kuliko yote. Mwishoni mwa 2023 na tena katikati ya 2024 maji yalifunika barabara ya Garsen na Lamu, na maelfu ya familia zikahama makwao. Kwa hivyo usiende Aprili wala Mei, wala Novemba mvua za vuli zikiwa zimechachamaa. Januari hadi Machi ni afadhali, kisha Agosti na Septemba.

"Hakuna hoteli." Vyumba vya kulala vipo Garsen, vya kawaida, vya feni na neti. Vya kujivunia mtandaoni hamna, au viko mbali na bei yake si ya mimi na wewe. Lakini hapa ndipo turudi Dalyan, kwa sababu kuna jambo sikukuambia.

Katika miaka ya 1980 kulikuwa na mpango wa kujenga hoteli kubwa pale pale kwenye ufuo wa İztuzu. Watetezi wa mazingira wakapinga, akiwemo mama mmoja Mwingereza, June Haimoff, aliyekuwa akiishi kwenye kibanda ufuoni. Mradi ukasimamishwa, na mwaka wa 1988 eneo lile likawekwa chini ya ulinzi maalum. Hadi leo, msimu wa kasa kutaga, ufuo unafungwa usiku. Mgeni analala mjini, kwenye nyumba za wageni, na asubuhi anapanda boti ya ushirika wa wenye boti kwenda magofuni na baharini. Kilichowaletea riziki ni safari ya boti. Hoteli ya ufuoni waliikosa, na kukosa huko ndiko kulikowaokoa.

Kwa hivyo ninaposema nenda Kipini, sisemi tujenge Diani nyingine. Tumeshaona jinsi hiyo hadithi inavyokwenda: ua la mawe, mlinzi getini, mvuvi anaambiwa azunguke kilomita mbili kufika kwenye bahari aliyozaliwa nayo. Tana Delta haihitaji hilo. Inahitaji vitu vidogo, na vyote vinawezekana bila mwekezaji yeyote.

Kwanza, njia na bango pale Ungwana, na walinzi wa kulipwa kutoka vijiji vya karibu. Jiwe la kale likikosa mtu wa kulilinda, mizizi hulipasua na watu huligeuza msingi wa nyumba. Pili, kikundi cha wenye boti Kipini na Ozi chenye bei iliyoandikwa ubaoni na jaketi za kujiokolea. Mto huu una viboko na mamba, haufanyi mchezo, na kijana aliyekulia juu yake anaujua kuliko programu yoyote ya ramani. Tatu, vijana wa Kipokomo, Kiorma, Kiwardei, Kibajuni wafunzwe pamoja kuwa waelekezi. Pamoja, nasisitiza. Mgeni asimuliwe hadithi ya mto na zaidi ya upande mmoja.

Kaunti ikisoma hapa, mimi sidai mkutano wa wadau wenye chai na mandazi. Bango moja lingetosha kuanzia.

Na wewe pia una kazi. Usiende kama mtu aliyegundua kitu. Watu walikuwapo. Salimia kwanza, kwa utulivu, kama unavyomsalimia mzee kwenu. Shikamoo inafika mbali zaidi ya noti. Ufuoni na kijijini vaa kwa heshima, ni miji ya Kiislamu. Usimpige mtu picha kabla hujamwomba, na usimpige mtoto kabisa bila mzazi wake. Ukipanda mtumbwi, lipa vizuri. Kula kwa wenyeji: wali, samaki, maziwa ya Waorma, na msimu wa maembe ukiwa umefika, acha tu, utajua kwa nini huwa nayacheka maembe ya supamaketi. Ukiandika mtandaoni, taja jina la kijiji. Usiandike "hidden gem" halafu ufiche mahali, kana kwamba pamefichwa na mtu. Hapajafichwa. Pana jina, pana chifu, pana shule ya msingi.

Najua safari moja yako haitabadilisha mpango wa bwawa. Najua pia kuna mtu atasema vijana hawana kazi na huyu anawahubiria utalii. Ni kweli pesa hamna. Lakini wengi wetu tunatoa pesa ya wikendi moja Naivasha, mara tatu kwa mwaka, tukirudi na picha zile zile za boti na viboko wale wale. Unganisha hizo tatu ziwe moja. Nenda na marafiki watatu, mgawane chumba na gharama ya boti.

Mabasi ya Lamu hutoka Mombasa asubuhi mapema. Beba kofia, dawa ya mbu na pesa taslimu, maana mtandao wa simu huko una siku zake. Ukifika Garsen, kunywa maji kwanza. Ukifika Kipini, usikimbilie ufuoni. Tafuta mzee, msalimie, mwulize kaburi la Liongo liko upande gani, kisha kaa chini umsikilize mpaka amalize.